Tawi la Kahawa la Mama Eliza

Sijapata kumwona mtu aliyekasirishwa na kutu kama Mhunzi. Wengine hukasirishwa na matusi, au na mtoto aliyevunja chungu. Yeye alikasirishwa na kutu. Siku moja Mwenyekiti wa kijiji alimletea jembe lililolala nje masika nzima, akataka linyooshwe na kunolewa upesi, maana wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua shamba la kijiji. Mhunzi alilipokea, akaligeuza mara mbili, akalitupa miguuni pa mwenyewe mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni.

"Hili umeliua," alisema. "Mimi sizungumzi na maiti. Kalizike, kisha urudi na adabu."

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, lakini kwa meno tu, macho hayakucheka. Nimejiuliza mara nyingi kama yote yaliyompata Mhunzi baadaye hayakuanzia kwenye jembe lile. Kama ni hivyo, basi mtu alifungwa kwa sababu ya kutu ya mwenzake, na mimi nilisaidia kufunga mlango.

Tulimwita Mhunzi, wote, hata mkewe mbele za watu. Kiwanda chake kilikuwa kibanda cha nguzo na nyasi kando ya barabara iendayo Tunduma, nyuma kabisa ya shule yetu ya msingi. Mimi nilifika pale mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwalimu mpya, msichana kutoka Singida, sanduku la bati kichwani, sijui hata neno moja la Kinyiha. Wiki ya kwanza nilimwendea kumwomba apunguze makelele wakati wa masomo. Aliniangalia kama niliyemwomba apunguze kupumua.

"Mwalimu, wewe una saa za kazi. Chuma hakina. Kikiwa chekundu ndiyo kimefika, hakingojei kengele yako."

Basi wanafunzi wangu wakajifunza jedwali la kuzidisha kwa mapigo ya nyundo yake. Mbili mara mbili, ta! Mbili mara tatu, ta! Mpaka leo wako watu wazima huko Mbozi ambao hawawezi kuhesabu bila kutikisa kichwa.

Hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na makovu ya cheche kama madoa ya kanga. Alisema "balabala" na "leli", na mtu akimcheka alimjibu kwamba yeye hajawahi kumcheka mtu asiyejua kushika koleo. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, akaimba besi ya nguvu iliyochelewa nusu neno nyuma ya kwaya. Jumamosi yake lakini alikuwa kwenye chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, anavuta kwa mrija na wazee wenzake, na huko aliimba vizuri zaidi. Mchungaji alipomkanya, alimwambia: "Baba Mchungaji, moto wa kazi yangu unakausha koo. Ungekuwa unahubiri motoni, nawe ungekunywa."

Alikuwa mchoyo wa ufundi, na hili sitamfichia. Kijiji kilipomtaka afundishe vijana, walikuja wawili. Aliwafukuza kabla ya wiki kwisha kwa kosa la kuzungumza mpira mbele ya chuma kilichokuwa motoni. Nilimwambia anakosea, kwamba akifa ataondoka na ufundi wote. Akasema ufundi si mzigo wa kumtwisha mtu asiyeuomba kwa heshima. Aliyepuliza mivukuto yake siku zote ni mkewe, Mama Eliza, mwanamke mfupi mwenye mikono mirefu. Huyo hakuhitaji kuambiwa lini aongeze na lini apunguze. Nadhani kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake wa pekee, tena aliyemzidi. Yeye ndiye aliyeuona moto kwanza. "Sasa," angesema kwa sauti ndogo, na Mhunzi angechomoa chuma bila kubisha.

Mchoyo huyohuyo ndiye aliyefua majembe yote ya shamba la kijiji bila kudai chochote. Maneno ya Azimio la Arusha aliyaamini kuliko waliokuwa wakituhutubia habari zake. Mwenyekiti alikuwa mjamaa siku za mkutano. Mhunzi alikuwa mjamaa siku za kulima. "Ujamaa ni kama mivukuto," aliniambia, "mikono miwili, mmoja unapanda, mmoja unashuka. Ukiona mkono mmoja uko mfukoni tu, ujue hapo hakuna moto, kuna mtu anayeota moto wa wenzake." Ndiyo maana nakasirika nikisikia vijana wa leo wanacheka nyakati zile zote kwa jumla, na wazee wenzangu wanazisifu zote kwa jumla. Walikuwapo watu waliojitoa. Na walikuwapo waliowanyonya hao waliojitoa.

Chuma alikipata barabarani. Miaka ile malori ya mafuta yalikwenda Zambia usiku na mchana, barabara ni vumbi kiangazi na tope masika, na kila mlima ulikuwa na lori lake lililopinduka. Mhunzi alikwenda kwa miguu kutafuta mabaki: springi, ekseli, bolti, vipande vya chesisi. Alikipiga kila kipande kwa kidole, akakisogeza sikioni. "Hiki kimechoka," alisema. Au: "Hiki bado kina hasira. Hiki tukichukue." Springi za malori ndizo alizozipenda, kwa sababu zilibeba mizigo ya watu wengine maisha yao yote na bado zilikuwa na nguvu ya kuruka.

Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli, kirefu kama mkono wa mtu mzima, na nilikuwapo siku alipokipata. Wachina waliokuwa wakijenga reli walikuwa na kambi si mbali, na msimamizi wao mmoja alikuwa akimletea Mhunzi sururu butu amchongee ncha. Siku ya mwisho kabla kambi haijahama, alikuja na kile kipande begani. Mhunzi alituma niitwe nikatafsiri Kiingereza. Nilikimbia, nimeshika chaki bado, nikakuta Mchina naye hajui Kiingereza. Tulisimama watatu tunatabasamu. Kisha Mchina akakiweka kile kipande chini, akachukua nyundo, akakipiga mara moja, akamkabidhi Mhunzi nyundo. Mhunzi naye akapiga. Wakashikana mikono. Hakuna karatasi iliyoandikwa, na nani angefikiri karatasi inahitajika?

Sasa nifike kwenye tawi.

Mhunzi na mkewe walikuwa wanaishi juu mlimani, mwendo wa saa nzima kutoka barabarani, na huko Mama Eliza alikuwa na mibuni aliyoiotesha mwenyewe alipoolewa. Aliijua mmoja mmoja. Ilipokuja amri ya watu wote kuhamia kijijini, walishuka. Mhunzi hakubisha, alisema ni jambo jema watu kukaa pamoja, watoto wapate shule na maji. Mama Eliza alishuka akitegemea kupanda kule kila wiki kutunza kahawa yake. Baada ya miezi michache Mwenyekiti akatangaza kwamba mlima ule utakuwa shamba la mahindi la kijiji. Mibuni ikang'olewa, na mahindi yenyewe yakapandwa mwezi ambao hata mtoto angekwambia umechelewa. Msimu ule hatukuvuna hata gunzi.

Mama Eliza hakulia mbele ya watu. Aliacha tu kusema "sasa" kiwandani. Alipuliza mivukuto, macho yake yakiwa mbali, na Mhunzi akaunguza vyuma viwili vitatu kabla hajaelewa kinachoendelea.

Lazima mjue kwamba mtu huyu alidharau mapambo. "Kitu kisichochimba wala kukata ni takataka," alisema, na nilipomwomba anitengenezee kinara cha mshumaa aliniuliza kama nimekosa mchanga wa kuchomekea. Kwa hiyo nilipopita kiwandani wakati wa mapumziko na kumkuta anafua jani, nilisimama nikidhani ni ncha ya mshale.

Lilikuwa jani la mbuni. Alilikata kwenye springi ya lori, akalifua jembamba pembeni na nene katikati, akalichora mishipa kwa tindo, mshipa mmoja mmoja, akilirudisha motoni kila baada ya mapigo machache. Kingo alizipinda kidogo kidogo, maana jani la mbuni halilali bapa, lina mawimbi. Alitengeneza majani kumi na zaidi, hakuna mawili yaliyofanana. Moja alilitoboa tundu dogo, na nilipomuuliza akasema ni la mdudu. Punje za kahawa alizifua kwa vichwa vya bolti, akazizungusha kwenye fuawe mpaka zikawa duara. Kisha akaunga kila kitu kwenye fimbo moja ya chuma kwa kuvitia motoni mpaka vikakaribia kuyeyuka, akinyunyiza mchanga laini ili vishikane, halafu pigo moja, mawili, basi.

Mwisho ulikuwa rangi. Chuma kilichosuguliwa, ukikipasha polepole, hubadilika: huwa njano kama nyasi kavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Ukizubaa kidogo imekwisha pita. Alitaka punje ziwe na ule wekundu wa zambarau wa kahawa iliyoiva, na majani yafike buluu. Aliziharibu mara tatu, akasugua upya mara tatu. Mara ya nne Mama Eliza, aliyekuwa kwenye mivukuto bila kuambiwa kazi ni ya nani, alisema kwa sauti ndogo: "Sasa."

Mhunzi alichomoa, akatumbukiza kwenye mafuta machafu ya injini. Moshi ulipotoka, akalipangusa, akalipaka nta ya nyuki, akamwekea mapajani.

"Hili hawatalihamisha," alisema.

Mama Eliza alilipitisha mkono kutoka shina mpaka ncha. "Umesahau ua," alimwambia.

"Ua na punje haviji pamoja."

"Kwenye ule wa tatu kutoka mlangoni vilikuja pamoja, mwaka ule wa mvua mbili. Hukuwa unaangalia."

Siku ya pili akatengeneza ua. Tawi likatundikwa ukutani, sebuleni mwao, na watu tukawa tunakwenda kulitazama kama mgonjwa aliyepona.

Nililipenda tawi lile kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kikitengenezwa na mkono wa mtu. Hilo ndilo linalonifanya nisijielewe.

Mwaka mmoja baadaye tuliambiwa atakuja mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam, ambaye jina lake halina kazi hapa. Afisa utamaduni wa wilaya, tuliyemwita Bwana Utamaduni, alikuja mapema kupanga ngoma na zawadi. Kinyago kilichoagizwa kilikuwa kimepasuka. Mwenyekiti akakumbuka ukuta wa Mama Eliza. Wakanipitia shuleni, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na kadi ilihitajika.

Mhunzi hakuwapo, alikuwa porini anachoma makaa. Mama Eliza alitukaribisha, akatoa vigoda. Bwana Utamaduni hakukaa. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akalitungua tawi, akalipima uzito mkononi.

"Hili linafaa," alisema. "Kahawa, zao la wilaya. Chuma, viwanda. Linafaa sana."

"Ni langu hilo, baba," Mama Eliza akasema. "Nilipewa."

"Mama, sisi wote ni wajamaa. Hakuna cha mtu hapa. Mgeni wa taifa apewe nini, mihogo?"

"Apewe mihogo. Mihogo ni mizuri. Hilo ni langu."

Mwenyekiti akamshika bega kwa upole kama anamfariji mfiwa. "Shemeji, utatengenezewa jingine. Mumeo si yuko?"

Mama Eliza alinitazama mimi. Sikuwa mgeni kwake. Nilikula kwake, alinifundisha Kinyiha chote ninachokijua, aliniuguza malaria. Nikainama nikatafuta kalamu kwenye mkoba.

"Niandike imetengenezwa na nani?" nikauliza. Nilijiona nina ujasiri mkubwa kuuliza hivyo.

"Andika 'wananchi'," Bwana Utamaduni akasema. "Kutaja mtu mmoja ni ubinafsi."

Nikaandika *wananchi*. Herufi nzuri, za duara, kama ninavyowafundisha watoto.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa shule. Mgeni alikuwa mtu wa tabia njema, nadhani. Alisikiliza ngoma zote bila kupiga miayo. Alipokabidhiwa tawi aliligusa lile jani lenye tundu.

"Kazi hii ni ya nani?" aliuliza.

"Kikundi cha vijana cha kijiji, ndugu mgeni," Bwana Utamaduni akajibu upesi. "Kikundi cha ujamaa cha uhunzi."

"Ni yangu."

Sauti ilitoka nyuma. Mhunzi alikuwa ametoka porini vilevile alivyo, amejaa masizi. Watu walimpisha. "Ni kazi yangu," alisema tena, "na si zawadi yako, ndugu. Utanisamehe. Ni ya mke wangu. Imechukuliwa nikiwa sipo."

Mwenyekiti akacheka. "Ndugu mgeni, huyu mzee anapenda kimpumu kidogo. Tumemzoea."

Baadhi ya watu wakacheka naye. Majirani! Watu wenye majembe yake mikononi! Mgeni hakucheka. Alisoma kadi, kisha akanitazama, kwa kuwa nilikuwa mezani na kalamu mfukoni mwa gauni.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiyo, ndugu mgeni."

"Hicho kikundi kina vijana wangapi?"

Nilipewa mlango wazi kabisa. Ningesema "hakuna kikundi", maneno mawili, na mambo yangekwisha palepale. Bwana Utamaduni alikuwa amesimama karibu nami, nasikia pumzi yake.

"Kumi na wawili," nikasema.

Sijui namba ile niliitoa wapi. Labda kwa mitume. Mhunzi hakunitukana. Alinitazama kama anavyotazama chuma alichokiamini kikapasuka, akageuka, akaenda nyumbani kwake.

Wiki iliyofuata Bwana Utamaduni akataka ripoti ya kikundi, kwa sababu mgeni alikuwa ameuliza. Niliiandika. Nakala tatu, kwa karatasi za kaboni. Niliweka majina kumi na mawili ya vijana niliowafundisha, ambao hawajawahi kushika nyundo, na chini yake orodha ya vifaa vya kikundi: mivukuto, nyundo, koleo, fuawe moja la kipande cha reli. Niliogopa kuhamishwa nikikataa. Mwaka uliofuata nikahamishwa vilevile, nikapelekwa Mkwajuni, bila sababu, bila hata kuulizwa.

Nilikuwa Mkwajuni wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Mnaokumbuka mnakumbuka: sabuni haipo, sukari haipo, na ghafla kila mwenye katoni mbili ndani anazitupa chooni. Waliokuwa na maghala kweli, wengi wao hawakuguswa. Walikuwa na masikio mahali habari zinapotoka. Kijijini kwetu msako ulimkuta Mhunzi, na marundo yake ya springi, na bolti, na kipande cha reli.

Eliza, binti yao, alinifuata kwa lori la mchanga. "Mwalimu, baba yuko ndani. Wanasema ameiba mali ya kikundi."

"Kikundi gani?"

"Cha vijana kumi na wawili."

Mwenyekiti alikuwa ametoa ile ripoti. Kwa karatasi yangu, kwa mwandiko wangu wa duara, Mhunzi alikuwa ameiba fuawe lake mwenyewe. Wale vijana kumi na wawili, wengine wakiwa sasa na watoto, waliulizwa. Wakasema hawajui kitu. Hiyo ikahesabiwa kuwa ushahidi kwamba aliwadhulumu.

Nilikwenda hadi alikowekwa. Ofisa aliyenipokea alikuwa mstaarabu, akanipa kiti. Nikamweleza habari za Mchina, habari za tawi, habari za kadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua jalada.

"Mwandiko huu ni wa nani, Mwalimu?"

"Wangu."

"Basi ulidanganya lini? Wakati ule, au sasa?"

"Wakati ule."

Akanisogezea karatasi nyeupe. "Andika hivyo, utie sahihi. Lakini ujue nikishaipokea, nawe nakufungulia jalada lako. Kudanganya serikali ni kosa."

Niliitazama karatasi ile. Nimeitazama kila siku tangu hapo. Sikuandika. Nilisema nitafikiri, nikainuka, nikamshukuru kwa kiti, nikarudi Mkwajuni kufundisha watoto uraia.

Alikaa ndani karibu mwaka mzima. Hakuna hukumu iliyosomwa. Siku moja alifunguliwa mlango akaambiwa aende, kama mbuzi aliyeingia shamba lisilo lake. Hakurudishiwa kipande cha reli, wala nyundo. Na hakuna, narudia, hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia pole kwa niaba ya kijiji alichokifulia majembe. Mwenyekiti alizikwa miaka iliyofuata kwa hotuba ndefu. Bwana Utamaduni alipandishwa cheo.

Nilimwona Mhunzi mara moja tu baada ya hapo, Tunduma, katikati ya miaka ya themanini. Nitakuwa mwongo tena nikisema nilikwenda kumtafuta. Nilikwenda kutafuta sabuni. Ilikuwa adhuhuri, malori yamepanga mstari kuelekea mpakani, akina mama wa Zambia wanapita na vikapu. Kando ya barabara, chini ya turubai, niliona mikono mirefu ya mwanamke mfupi inapuliza mivukuto.

Mama Eliza aliniona kwanza. Hakuacha kupuliza. "Mhunzi," alisema, "Mwalimu huyo."

Mhunzi alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alikuwa anatengeneza mbaula, yale majiko ya makaa wanayoyapenda Wazambia, kwa mabati ya mapipa. "Shikamoo, Baba," nikasema. Alichelewa kuitikia mpaka mteja mmoja, mama wa Kizambia mwenye kitambaa cha njano, akamaliza kuchagua jiko lake.

"Marahaba. Unataka mbaula?"

"Hapana, Baba."

"Basi usizibe njia ya wanaotaka."

Nilisogea pembeni, sikuondoka. Mama Eliza ndiye aliyeniuliza, bila kuniangalia. "Wewe unatembea maofisini, semina na nini. Hujawahi kuliona?"

Nilikuwa nimeliona. Mwaka mmoja kabla, kwenye mafunzo ya walimu, katika ukumbi wa ofisi moja kubwa. Lilikuwa limepigiliwa ukutani nyuma ya mlango, watu wanatundikia kofia na miavuli. Punje mbili zilikuwa zimekatika. Nikawaambia. Nikawaambia na lile lililobaki: kwamba mtu alikuwa amelipaka rangi ya mafuta, kijani, lote, majani na punje na ua.

Nyundo ilisimama hewani.

"Wamelipaka rangi?" Mhunzi akasema. "*Rangi?*"

"Ndiyo, Baba."

Alitukana kwa Kinyiha maneno ambayo Mama Eliza hakuwahi kunifundisha. Habari za kufungwa kwake alikuwa hajazigusa, na hakuzigusa hata baadaye, lakini rangi ile alizunguka nayo chini ya turubai kama mtu aliyeumwa na nyuki. Majani aliyoyapasha mara nne! Mama Eliza alikuwa ameacha kupuliza, amefunika mdomo kwa kanga, na sikujua kama analia au anacheka.

"Baba," nikasema, "nitaandika. Safari hii nitaandika kweli. Kila ofisi. Nitaeleza yote, nitaweka jina lako kamili, na sahihi yangu."

"Karatasi tena?" Alinigeukia. "Jina langu usiliandike popote tena. Umesikia? Popote. Kwa karatasi umekwisha nimaliza. Mdomo unao? Ule uliosema kumi na wawili?"

"Ninao."

"Basi simama pale kwenye jiwe, useme. Mbele ya watu uliniondoa, mbele ya watu unirudishe."

Nilitazama barabara. Wachukuzi, madereva wameegemea malori yao, wauza vitumbua, wabadilishaji fedha. Hakuna hata mmoja aliyemjua, wala aliyenijua mimi. Nilikuwa mwalimu mkuu wakati ule, nimevaa viatu vizuri.

Nikapanda juu ya jiwe. Nikasema, "Jamani, nisikilizeni." Wachache waligeuka. Nikataja jina lake na la baba yake. Nikasema kwamba mtu huyu alifua tawi la kahawa kwa springi za lori, akampa mkewe, nasi tukamnyang'anya. Kwamba hakukuwa na kikundi. Kwamba hakukuwa na vijana kumi na wawili, na aliyesema wapo ni mimi. Kwamba fuawe alipewa kwa haki nami nilishuhudia, na alipofungwa kwa ajili yake nilinyamaza. Dereva mmoja akauliza wenzake kama huyu mama ni mlokole. Yule mama wa Kizambia mwenye kitambaa cha njano alisimama na jiko lake kichwani, akasikiliza mpaka mwisho, akamwinamia Mhunzi kidogo. "Mulishani mukwai," alimwambia, kama mtu anayemsalimia mwenzake kwa mara ya kwanza, akaenda zake.

Nilianza kushuka. Mhunzi alikuwa ameinamia kazi yake, anapanga mkono wa jiko mahali pake. Kisha akamgeukia mkewe.

"Umesikia?"

Mama Eliza alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaangalia ng'ambo ya barabara, kwenye ule mstari mrefu wa malori.

"Mimi nimesikia," alisema. "Wale wa upande ule hawajasikia."

Nikapanda tena juu ya jiwe.